Washangiliaji wa Kulipwa: Sare Maarufu, Ujira wa Kibarua

Mshangiliaji wa kulipwa ni mcheza dansi anayechukuliwa na klabu ya michezo, hasa nchini Marekani, ili acheze pembezoni mwa uwanja wakati wa mechi na kuiwakilisha klabu siku zisizo na mechi. Watu wawili hufananishwa naye bila kustahili. Wa kwanza ni shabiki aliyekwenda uwanjani kwa mapenzi yake, kama wale wa Simba na Yanga wanaopuliza matarumbeta dakika zote tisini bila kulipwa na mtu. Wa pili ni mwanafunzi wa shule au chuo anayerushwa juu na wenzake na kudakwa. Huyu anashiriki mashindano yenye waamuzi na alama, na shirikisho la kimataifa la mchezo wake lilitambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021. Mshangiliaji wa kulipwa akishapata nafasi hashindani na timu yoyote. Kazi yake ni dansi, tabasamu na biashara, na hiyo ya tatu ndiyo inayoamua mengi katika maisha yake.

Ushangiliaji wa kupangwa ulianzia vyuoni, na ulianza na wanaume. Tarehe 2 Novemba 1898 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alisimama mbele ya mashabiki wa timu yake akawaongoza kupaza sauti kwa pamoja. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya vijana wa kiume wenye sauti nzito na kipaji cha kuongoza. Wanawake walianza kuingia Minnesota katika miaka ya 1920, wakaongezeka wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vijana wa kiume walipokwenda jeshini. Baada ya vita, Lawrence Herkimer wa Texas alianzisha kambi za mafunzo, mwaka 1948 akaunda chama cha kitaifa cha washangiliaji, kisha akajenga biashara ya kuuza sare na vile vishada vya nyuzi vinavyotikiswa mikononi. Fedha zikaanza kuingia katika ushangiliaji, ila zilimfikia mwenye duka kabla ya kumfikia anayetikisa kishada. Hali hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ambavyo yeyote angetarajia.

Katika ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, Baltimore Colts ilikuwa na kikundi chake tangu mwaka 1954. Hata hivyo, mshangiliaji wa kulipwa kama anavyojulikana leo alibuniwa Dallas. Klabu ya Dallas Cowboys ilipoanzishwa mwaka 1960 ilitumia wanafunzi wa sekondari, wasichana kwa wavulana, waliokuja na kelele za shuleni ambazo mashabiki wa futiboli ya kulipwa hawakuzijali. Meneja mkuu wa klabu, Tex Schramm, alikuwa amefanya kazi katika televisheni ya CBS, na alielewa mapema kwamba mechi inayorushwa hewani ni tamasha lenye nafasi nyingi tupu: mapumziko, mpira uliotoka, mchezaji aliyeumia. Kamera inahitaji kitu cha kuangalia. Kwa msimu wa 1972 kikundi kilivunjwa na kuundwa upya. Texie Waterman, mwalimu wa dansi wa mjini humo, alipewa jukumu la kuwafundisha wanawake watu wazima dansi ya jukwaani, na Paula Van Wagoner akabuni sare: blauzi ya buluu iliyofungwa fundo kifuani, kizibao cheupe chenye nyota, kaptura nyeupe fupi na buti. Waliochaguliwa msimu huo wa kwanza walikuwa saba tu.

Januari 1976, katika Super Bowl ya kumi, fainali ya NFL, kamera ilimlenga mmoja wao, naye akaikonyezea jicho. Mamilioni waliona. Mwaka huohuo Suzanne Mitchell alikabidhiwa uongozi wa kikundi na kukishika hadi 1989, na chini yake zikaja bango la mwaka 1977 lililobandikwa katika vyumba vya vijana Marekani nzima, filamu ya televisheni ya mwaka 1979, na ziara za kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo, kuanzia Korea. Katika kipindi hichohicho watengenezaji wa filamu moja ya ngono walimvika mwigizaji wao sare inayofanana na ile ya Dallas. Klabu ilishtaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Rufaa iliyoko New York ikakubali kwamba sare ile yenyewe ni alama ya biashara inayolindwa na sheria. Wakati mahakama ikiipa kaptura na kizibao hadhi hiyo, aliyevivaa alikuwa akilipwa dola 15 kwa mechi, kabla ya kodi.

Kesi hiyo inafaa kukumbukwa kuliko lile bango, kwa sababu inaonyesha thamani ilikowekwa. Watazamaji walijua sare. Majina ya waliomo ndani yake hawakuyajua, na hawakutakiwa kuyajua: kwa muda mrefu klabu nyingi zilimtambulisha mshangiliaji kwa jina la kwanza tu. Sababu iliyotolewa ni usalama, na haikuwa ya uongo, kwani wapo waliofuatwa hadi majumbani. Lakini matokeo yake kibiashara yalikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuondoka na umaarufu wake mfukoni. Anayewakumbuka wanenguaji wa bendi za dansi za Dar es Salaam ataona tofauti mara moja. Mnenguaji naye hakutajirika, lakini Aisha Madinda wa Twanga Pepeta alijulikana kwa jina lake, na wapo waliolipa kiingilio ili wamwone yeye. Mshangiliaji wa Dallas akiondoka, mwingine huvaa sare ileile Jumapili inayofuata, na uwanja haubadiliki.

Mwaka wa kazi huanza kwa majaribio, kwa kawaida kati ya Machi na Juni. Mamia hujitokeza kwa nafasi zisizofika 40. Dallas, kwa mfano, huchukua takribani 36. Siku hizi mchujo wa kwanza hufanyika kwa video. Wanaobaki hucheza mbele ya waamuzi, hufundishwa mchezo mpya kwa muda mfupi ili ionekane nani anashika haraka, kisha huhojiwa. Katika vikundi vingi mahojiano hayo hugusa historia ya klabu, kanuni za futiboli, hata habari za dunia, kwa kuwa mshangiliaji atapelekwa kwenye hafla za wadhamini na wanasiasa na hatakiwi kuiaibisha klabu. Aliyekuwemo msimu uliopita harithi nafasi yake. Kila mwaka hurudi kwenye mstari pamoja na wageni, na wapo waliokatwa baada ya kutumikia misimu mitatu au minne, wakiwa wazima na bila kosa lolote, kwa sababu tu alipatikana mwingine anayerusha mguu juu zaidi.

Msimu wenyewe wa NFL una mechi 17, nane au tisa kati yake za nyumbani. Kwa mtazamaji kazi inaonekana kuwa ya siku kumi kwa mwaka. Ukweli ni kwamba mechi ni sehemu ndogo. Mazoezi hufanyika usiku, mara mbili hadi nne kwa wiki na katika vikundi vikubwa karibu kila siku, kwa saa tatu au zaidi, na mcheza dansi huhitajika kukumbuka michezo mingi kwa wakati mmoja kwa kuwa muziki huchaguliwa papo hapo kulingana na hali ya mechi. Siku ya mechi huingia uwanjani saa nyingi kabla ya mashabiki. Halafu kuna kutembelea hospitali na shule, kufungua maduka, kupiga picha za kalenda, kuwa mezani na wadhamini. Katika mpira wa kikapu wa NBA mzigo ni wa namna nyingine: mechi 41 za nyumbani, dansi iliyoegemea hip-hop, na vipande vya dakika moja au pungufu vinavyochezwa katikati ya uwanja timu zinapoitwa pembeni na makocha.

Mchana, wengi wana kazi nyingine. Wamo walimu, wauguzi, wahasibu, wanafunzi wa sheria, wahandisi. Vikundi kadhaa vilikuwa na sharti kwamba kila mmoja awe na ajira, masomo au malezi ya mtoto nje ya ushangiliaji. Sharti hilo lilisifiwa kuwa linajenga wanawake wenye maisha kamili. Pia lilimwondolea mwajiri lawama ya kutolipa ujira wa kuishi.

Mwili hulipa sehemu yake. Dansi ya mstari ya Dallas, ambayo wote hurusha miguu hadi usawa wa uso kisha huruka na kutua chini wakiwa wamepiga msamba, inaumiza nyonga kwa namna ambayo daktari yeyote wa mifupa angeitabiri. Nyonga zilizochanika, magoti, vifundo na shingo ni maumivu ya kawaida, na upasuaji wa nyonga kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 30 si ajabu. Kucheza juu ya sakafu ya zege iliyofunikwa nyasi bandia, kwa buti zenye visigino, hakusaidii. Kwa sababu hizo, na kwa sababu ya majaribio ya kila mwaka, wengi hukaa misimu miwili hadi mitano. Aliyevunja kanuni ya umri ni Laura Vikmanis, mtaalamu wa lishe na mama wa watoto wawili, aliyechukuliwa na kikundi cha Cincinnati Bengals mwaka 2009 akiwa na miaka 40. Katika majaribio ya mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa.

Malipo yalibaki siri ya wenyewe hadi Januari 2014, mshangiliaji mmoja wa Oakland Raiders alipofungua kesi mahakamani California. Hati zilionyesha kwamba alilipwa dola 125 kwa mechi, jumla dola 1,250 kwa msimu, kwa hundi moja iliyotolewa msimu ukiisha. Mazoezi hayakulipwa. Hafla nyingi hazikulipwa. Aliyekuja na vishada visivyo vya siku hiyo alikatwa faini. Saa zote zilipohesabiwa, ujira ulishuka chini ya dola 5 kwa saa, katika jimbo ambalo kima cha chini kilikuwa dola 8. Mkataba nao ulisema mgogoro wowote usikilizwe na kamishna wa NFL, yaani mtu anayelipwa na wenye klabu. Kulikuwa na uchunguzi wa serikali kuu pia, lakini uliishia kwenye kipengele cha sheria ya kazi kinachozisamehe biashara za burudani za msimu, kipengele kilichofikiriwa kwa ajili ya viwanja vya bembea na kambi za likizo. Raiders walimaliza kesi kwa kukubali kulipa dola milioni 1.25.

Kesi nyingine zilifuata mwaka huohuo, zikizikabili klabu za Cincinnati, Tampa Bay, New York Jets na Buffalo. Ile ya Buffalo ndiyo inayofundisha zaidi. Kikundi cha Buffalo Jills hakikuendeshwa na klabu moja kwa moja bali na kampuni ya nje, na washangiliaji waliandikwa kuwa wafanya kazi huru, si waajiriwa. Kwa maelezo ya waliolalamika, kucheza kwenye mechi hakukuwa na malipo kabisa: walipewa tiketi na nafasi ya kuegesha gari, na sare walijinunulia kwa dola 650. Walipewa kitabu cha mwongozo kilichoagiza namna ya kula mkate mezani na namna ya kujisafisha mwilini, na walipimwa kwa kurukaruka ili ionekane kama nyama za mwili zinatikisika. Ni vigumu kumwita huru mtu anayeelekezwa hadi namna ya kuoga. Kesi ilipofunguliwa kikundi kilisimamishwa, hakikurudi tena, na mashauri yakaendelea kwa miaka. Washangiliaji wa Jills waliwahi kuunda chama cha wafanyakazi mwaka 1995, lakini hakikudumu.

California ilitunga sheria iliyotiwa saini Julai 2015 na kuanza kutumika Januari 2016, ikisema wazi kwamba mshangiliaji wa klabu ya kulipwa ni mwajiriwa. Klabu za kwingine zilihamia kimyakimya kwenye malipo ya kima cha chini kwa saa. Dallas haikusalimika: mwaka 2018 mshangiliaji wake wa zamani alidai mahakamani kwamba alilipwa dola 8 kwa saa na dola 200 kwa mechi, huku anayevaa vazi la Rowdy, kikaragosi wa klabu, akipata kiasi cha dola 65,000 kwa mwaka. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano, na malipo yakapanda hadi dola 12 kwa saa na dola 400 kwa mechi.

Linabaki swali la kwa nini ligi inayoingiza zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka ilisita kuwalipa watu wasiofika 40 kwa kila klabu. Jibu la haraka ni wingi wa wanaotaka nafasi, nalo ni kweli kwa sehemu. Lakini wanaotaka kucheza futiboli ni wengi zaidi, na wachezaji hawalipwi kidogo. Mchezaji ana chama chenye nguvu, ana takwimu zinazomtofautisha na mwenzake, na ana klabu 32 zinazoweza kumgombania. Mshangiliaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Uzuri wa kazi yake hupimwa kwa jinsi alivyofanana na wenzake mstarini. Kadiri anavyoifanya vizuri ndivyo anavyozidi kutoonekana. Juu ya hayo aliambiwa tangu utotoni kwamba nafasi hiyo ni heshima, na heshima haidaiwi mshahara. Wengi wa waliopewa fidia hawakuwahi kulalamika. Waliingizwa katika kesi kama kundi, na baadhi waliwachukia waliofungua kesi.

Kanuni za tabia zilifuata mantiki hiyohiyo. Karibu klabu zote zilikataza uhusiano kati ya mshangiliaji na mchezaji, na adhabu ilimwangukia mshangiliaji. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba washangiliaji wa New Orleans Saints walitakiwa kuwazuia wachezaji kwenye mitandao ya kijamii, na kuondoka kwenye mgahawa ambao mchezaji ameingia, hata kama walitangulia kufika. Mmoja alifukuzwa kwa picha aliyoiweka Instagram, akapeleka malalamiko ya ubaguzi wa kijinsia. Mwaka huohuo gazeti la New York Times lilieleza safari ya mwaka 2013 ya washangiliaji wa klabu ya Washington nchini Costa Rica, ambako baadhi yao walipigwa picha wakiwa nusu uchi mbele ya wadhamini walioalikwa na kisha kupangiwa kuwasindikiza usiku. Klabu hiyo ilikivunja kikundi mwaka 2021 na kuanzisha kingine cha wanawake na wanaume.

Wanaume, kwa kweli, walikuwa wanarudi. Quinton Peron na Napoleon Jinnies walichukuliwa na Los Angeles Rams mwaka 2018 wakicheza dansi ileile ya wanawake, na Februari 2019 wakawa wa kwanza wa aina yao kwenye Super Bowl. Mwaka 2022 Carolina Panthers ilimchukua Justine Lindsay, mwanamke aliyebadili jinsia. Klabu nyingine zilichagua kutokuwa na washangiliaji kabisa: Pittsburgh Steelers tangu mwaka 1969, Chicago Bears tangu baada ya msimu wa 1985 walipoivunja timu ya Honey Bears, na New York Giants siku zote. Viwanja vyao hujaa vilevile, jambo ambalo wenye klabu nyingine hawapendi kulitafakari sana.

Nje ya Marekani kazi hii imechukua sura mbalimbali. Ligi ya kriketi ya India, IPL, ilipoanza mwaka 2008 washangiliaji wa Washington walipelekwa Bangalore, na nguo zao zikazua ubishi wa kisiasa hasa Mumbai. Baadaye nafasi nyingi zilishikwa na wanawake wa Ulaya Mashariki na Afrika Kusini kwa mikataba ya wiki chache. Mwaka 2011 klabu ya Pune ilijaribu njia nyingine kwa kuwaleta wacheza dansi za asili za Kihindi, na mwaka huohuo mcheza dansi mmoja wa Afrika Kusini alirudishwa kwao baada ya kuandika, bila kutaja jina lake, jinsi baadhi ya wanakriketi walivyokuwa wakijiendesha kwenye tafrija.

Korea Kusini imeenda mbali zaidi. Katika besiboli ya huko washangiliaji husimama kwenye jukwaa lao mbele ya mashabiki na kuwaongoza kuimba mechi nzima, kila mpigaji akiwa na wimbo wake. Wanasimamiwa na mawakala, hushangilia besiboli wakati wa joto na mpira wa kikapu au wavu wakati wa baridi, na wanajulikana kwa majina kamili. Mwaka 2024 video ya Lee Ju-eun wa Kia Tigers, anayeinuka kutoka kujipodoa na kucheza kwa ulegevu wa makusudi mpinzani anapotolewa, ilienea dunia nzima. Msimu uliofuata alikuwa Taiwan, katika kikundi cha Fubon. Kabla yake Lee Da-hye alikuwa ametoka klabu hiyohiyo ya Kia kwenda Rakuten, Taiwan, mwaka 2023, akawa sura ya matangazo ya biashara kisiwani. Washangiliaji wa kawaida wa Korea nao hulipwa kidogo. Tofauti ni kwamba mshangiliaji huko anaweza kuhama na mashabiki wake, kwa hiyo kuna anayemgombania.

Marekani ilionja hali hiyo kupitia televisheni. Dallas ilikuwa na kipindi chake tangu 2006 hadi 2021, lakini mfululizo wa Netflix ulioanza Juni 2024 ndio uliowafanya watazamaji wajue nani ana nyonga iliyofanyiwa upasuaji na nani anauza maua mchana. Mamilioni walipoambiwa kiwango cha malipo, hasira zilielekea kwa wenye klabu. Wacheza dansi wakajadiliana na uongozi, na katika msimu wa pili wa kipindi, Juni 2025, wakatangaza nyongeza ya asilimia 400. Bima ya afya haikuwemo.

Baada ya kustaafu, ambako kwa wengi huja kabla ya miaka 30, njia hutofautiana. Paula Abdul aliingia Laker Girls, kikundi cha Los Angeles Lakers kilichoanzishwa mwaka 1979, akiwa mwanafunzi. Alionwa uwanjani na familia ya Jackson, akaanza kuwabunia michezo ya dansi, kisha akawa mwimbaji mkubwa. Teri Hatcher alitoka San Francisco 49ers kwenda uigizaji. Hao ni wachache, na klabu huwataja mara nyingi kuliko idadi yao inavyostahili. Wengine hurudi kwenye taaluma waliyokuwa wakiifanya mchana. Wachache hubaki ndani: Kelli Finglass, anayeongoza kikundi cha Dallas tangu 1991, alicheza humo katika miaka ya 1980. Wengi zaidi hufungua studio au kufundisha, na darasa lenye wateja wa uhakika ni lile la kuwaandaa wasichana kwa majaribio ya mwaka ujao. Klabu zenyewe huendesha madarasa ya namna hiyo kabla ya kila majaribio, na anayehudhuria hulipa ada.